Kuikarabati Tarakilishi Kongwe: Utambuzi wa Hitilafu Kabla ya Ununuzi wa Vipuri

Utangulizi

Mijadala ya wanafunzi wa Kiswahili kuhusu tarakilishi aghalabu huanza na kuishia katika jina lake. Tunajiuliza iwapo tuiite tarakilishi, neno ambalo huelezwa kuwa limetokana na tarakimu na akili, au tuiite kompyuta kama wasemavyo wengi, au ngamizi kama walivyopendekeza wengine. Mjadala huo una nafasi yake katika taaluma ya istilahi. Hata hivyo, chombo chenyewe kimo katika ofisi za vyama vyetu, katika maktaba za idara na katika shule tutakazokwenda kufundisha, na mara nyingi ni kikongwe. Tangu shirika la Computers for Schools Kenya lilipoanzishwa mwaka wa 2002, tarakilishi nyingi zilizokwisha kutumika zimekarabatiwa na kupelekwa katika shule za nchi hii. Mwalimu wa Kiswahili anayekabidhiwa chumba chenye mashine za aina hiyo hana budi kujibu swali ambalo mjadala wa jina haukumwandaa kulijibu: hii iliyokataa kuwaka ina nini?

Makala hii inanuia kumsaidia msomaji kulijibu swali hilo. Hoja yake kuu ni kwamba tarakilishi kongwe isinunuliwe kipuri chochote kabla hitilafu yake haijatambuliwa, na kwamba kabla ya hata huo utambuzi kukamilika, kilichohifadhiwa ndani yake kiwe kimekwisha kunakiliwa kwingine. Hoja hii nimeifunzwa na kosa langu mwenyewe, na ni vyema nianze na kosa hilo.

Kisa chenyewe

Mwaka wa 2023 chama chetu kilikuwa na tarakilishi ya mezani iliyoundwa mwaka wa 2009. Ilikuwa na kumbukumbu ya gigabaiti 2 na diski ya gigabaiti 160. Ilichukua takriban dakika tisa kuamka, na kufungua ukurasa mmoja wa jarida kulimpa mhariri fursa ya kwenda kununua chai na kurudi. Mimi wakati huo nilikuwa nimerejea kutoka utafiti wa nyanjani, ambako niliwahoji wazee kuhusu vave, nyimbo za wakulima wa Kibajuni. Kwa kuwa sikuwa na kipakatalishi, rekodi zote nilizihamishia katika tarakilishi ya chama, kisha nikaifuta mashine ya kurekodia ili nipate nafasi ya mahojiano yafuatayo. Nakala nyingine sikuwa nayo.

Mashine ilipozidi kuzorota, kikao cha chama kiliamua kwamba inahitaji kuongezewa kumbukumbu. Hakuna aliyeuliza uamuzi huo umetokana na dalili gani. Tulichanga, tukaenda mjini, tukaomba kadi ya kumbukumbu na tukauziwa. Kadi haikuingia. Mashine yetu ilitumia kizazi cha DDR2 ilhali tulichonunua kilikuwa DDR3, na muuzaji hakuwa na kosa kwa kuwa alitupa tulichokiomba. Tulipokuwa tukijaribu kuishindilia, mwenzetu mmoja alisema kwamba kwa wiki kadhaa amekuwa akisikia sauti ya tik-tik ndani ya mashine. Sauti hiyo ndiyo iliyokuwa dalili. Diski ilikuwa ikifa, nasi tulikuwa tumenunua dawa ya ugonjwa mwingine. Usiku huo mashine ilikwama na haikuamka tena kwa njia ya kawaida.

Istilahi zitakazotumika

Ili tuelewane, sehemu tano za mashine zinahitaji kutofautishwa. Bodi mama ni ubao mpana ambamo sehemu nyingine zote huunganishwa. Kichakataji ndicho kinachotekeleza hesabu na amri, na juu yake huwekwa bapa la chuma na feni vya kukipoza. Kumbukumbu ya muda, ambayo mafundi huiita RAM, hushikilia kazi inayofanywa sasa hivi na husahau kila kitu umeme ukizimwa. Diski kuu huhifadhi faili na programu hata mashine ikiwa imezimwa. Kisanduku cha umeme, maarufu kama pawa saplai, hupokea umeme wa ukutani na kuugeuza uwe wa kiwango kidogo kinachoweza kutumiwa na sehemu nyinginezo.

Kuchanganya kumbukumbu ya muda na diski kuu ndilo kosa linaloongoza. Mtu husema "memori imejaa" akimaanisha diski, kisha akaenda kununua RAM. Mfano wa meza na kabati unaweza kusaidia. RAM ni meza ya kufanyia kazi. Diski kuu ni kabati la kuwekea vitabu. Meza ikiwa ndogo, kazi hukwama hata kama kabati ni tupu. Kabati likiwa bovu, kupanua meza hakutaziokoa karatasi zilizo ndani yake.

Hatua ya kwanza: nakala

Diski kuu ya kizamani ina sahani zinazozunguka, nyingi zikiwa na kasi ya mizunguko 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinachopita juu yake bila kuzigusa. Kwa kuwa ni kitu chenye mwendo, huchakaa. Dalili za uchakavu huo ni sauti ya kugongagonga, faili zinazokataa kufunguka, na mashine inayoganda kwa dakika nzima kisha ikaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Aidha, diski nyingi hutunza kumbukumbu za afya yake zenyewe kwa utaratibu uitwao SMART. Programu za bure kama vile CrystalDiskInfo katika Windows, au smartctl katika Linux, huzisoma kumbukumbu hizo. Idadi ya sehemu zilizoharibika na nafasi zake kuchukuliwa na sehemu za akiba ikiwa inaongezeka wiki baada ya wiki, diski hiyo isiaminiwe.

Dalili hizo zikionekana, isijaribiwe programu ya kurekebisha diski, wala programu endeshi isisakinishwe upya. Kila dakika ambayo diski mbovu inazunguka huenda ikawa ya mwisho, na dakika hizo zitumiwe kunakili tu. Sisi tuliiamsha mashine kwa flashi diski iliyokuwa na Linux, njia ambayo huiwezesha kufanya kazi pasipo kuitegemea diski yake. Kisha tukatumia programu iitwayo GNU ddrescue. Programu hii hunakili kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, ikaandika mahali ilipokwama, na baadaye ikarudia sehemu ngumu kidogokidogo. Kazi hiyo ilichukua usiku kucha na sehemu ya siku iliyofuata.

Rekodi nyingi ziliokolewa. Mbili hazikuokoka kikamilifu. Moja niliweza kuirudia. Ya pili ilikuwa ya mzee ambaye alifariki dunia kabla sijarudi kwake, na kati ya dakika 52 za sauti yake zimebaki 11. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu bado ninaishi naye.

Hatua ya pili: kutambua hitilafu

Mwanafunzi wa fasihi hafundishwi kulihukumu shairi kwa mshororo mmoja. Tarakilishi nayo isihukumiwe kwa dalili moja. Utaratibu unaofaa ni kuanzia nje kuelekea ndani na kubadilisha kitu kimoja kimoja. Anayebadilisha vitu vitatu kwa pamoja hatajua ni kipi kilichoiponya mashine, na juma lijalo atakuwa pale pale alipoanzia.

(a) Mashine haiwaki kabisa. Chunguza kwanza soketi ya ukutani kwa kuchomeka kifaa kingine, kisha waya, kisha swichi iliyo nyuma ya kisanduku cha umeme. Visanduku vingi vya kizamani vina swichi nyingine ndogo yenye maandishi 115 na 230. Umeme wa Kenya ni wa volti 240, hivyo swichi hiyo haina budi kuwa upande wa 230. Mashine iliyoagizwa kutoka Marekani ikiwa imeachwa upande wa 115, kisanduku chake huungua punde inapochomekwa. Kisanduku kikishaungua, kibadilishwe kizima. Kisifunguliwe na asiye fundi, kwa sababu baadhi ya sehemu zake hubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa ukutani.

(b) Mashine inawaka lakini kiwambo ni cheusi. Sikiliza. Mashine nyingi za mezani hujipima zenyewe kila zinapowashwa, na zikikuta tatizo hutoa milio kwa mpangilio maalumu. Maana ya milio hiyo hutofautiana kulingana na mtengenezaji, kwa hiyo ihesabiwe na kulinganishwa na kitabu cha mashine husika. Mara nyingi tatizo huwa ni kadi ya kumbukumbu iliyolegea. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, gusa chuma cha kasha ili kuondoa umemetuli mwilini, kisha itoe kadi, ipanguse miguu yake kwa kitambaa safi kikavu na uirudishe hadi vishikizo vya pembeni vijifunge. Zikiwa kadi mbili, jaribu moja moja.

(c) Saa na tarehe hurudi nyuma. Katika bodi mama mna betri bapa iitwayo CR2032, ya volti 3 na kipenyo cha milimita 20, ambayo huiwezesha saa kuendelea umeme usipokuwapo. Betri hiyo ikiisha, mashine huamka ikiamini kwamba ni mwaka wa kuundwa kwake. Matokeo yake huwashangaza wengi: tovuti zinakataa kufunguka kwa madai kwamba si salama. Sababu ni kwamba cheti cha usalama cha tovuti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha kutumika, na mashine inayodhani ni mwaka wa 2009 huona cheti cha leo hakijaanza kazi. Nimewahi kuona tarakilishi ikishukiwa kuwa na virusi, ikafutwa yote, ilhali ilichohitaji ni betri hiyo tu.

(d) Mashine huzimika yenyewe baada ya muda. Hii ni dalili ya joto. Vumbi hujaa kwenye feni na katikati ya mbavu za bapa la kupozea, na krimu ya kupitishia joto iliyo baina ya bapa hilo na kichakataji hukauka kadiri miaka inavyopita. Kichakataji kikipata joto kupita kiasi, mashine hujizima ili kisiharibike. Vumbi lipeperushwe kwa pumzi ya mashine au litolewe kwa brashi laini, feni ikiwa imeshikwa isizunguke. Bapa likitolewa, krimu ya zamani ipanguswe yote na mpya itiwe kiasi cha punje ya njegere.

(e) Mashine huganda ovyo pasipo mpangilio. Kagua bodi mama kwa macho. Kapasita, vile vimikebe vidogo vilivyosimama juu ya ubao, zinapaswa kuwa na vichwa bapa. Bodi nyingi zilizoundwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilitiwa kapasita duni ambazo huvimba na kuvuja. Kapasita zikivimba, fundi stadi anaweza kuzibadilisha kwa risasi ya kuunganishia. Asipokuwapo, bodi hiyo imekwisha. Zisipovimba, ijaribiwe kumbukumbu kwa programu ya Memtest86+, na iachwe ikikimbia kwa saa kadhaa.

Hatua ya tatu: kuongeza uwezo

Ni baada ya hapo tu ndipo linapokuja suala la kununua. Kwa tarakilishi ambayo haina ugonjwa bali ni nzito tu, manunuzi mawili hustahili kuzingatiwa.

La kwanza ni kuibadilisha diski inayozunguka kwa diski ya SSD, ambayo haina sehemu yoyote yenye mwendo. Diski ya kizamani inapotafuta faili, kichwa chake husubiri milisekunde kadhaa hadi sahani ifike mahali panapotakiwa, na kuiamsha mashine ni kutafuta vifaili maelfu. SSD haina kungoja huko. Hata mashine yenye kiunganishi cha SATA cha kizazi cha pili, ambacho upeo wake ni takriban megabaiti 300 kwa sekunde, hunufaika pakubwa. Mashine yetu ya dakika tisa sasa huamka kabla dakika moja haijatimia.

La pili ni kumbukumbu. Hapa msomaji azingatie mambo mawili. Kwanza, vizazi vya DDR, DDR2, DDR3 na DDR4 haviingiliani. Pengo lililo katika ukingo wa kadi limewekwa mahali tofauti kwa makusudi ili kadi isiyofaa isiingie. Kabla ya kwenda dukani, itoe kadi iliyomo na uende nayo mkononi. Pili, programu endeshi ya biti 32 ya toleo la kawaida la Windows haitumii zaidi ya gigabaiti 4, na kwa hakika hutumia pungufu ya hizo kwa kuwa anwani nyingine hutengewa vifaa. Kuinunulia mashine kama hiyo gigabaiti 8 pasipo kubadilisha programu endeshi ni kumimina maji katika mtungi uliokwisha kujaa.

Suala la programu endeshi lenyewe haliepukiki. Microsoft ilisitisha huduma za usalama kwa Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, kwa Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na huduma za kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, iliyotolewa mwaka wa 2021, hudai masharti ambayo mashine nyingi za kale haziyatimizi, likiwemo la kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Hata hivyo, kuachwa huko hakumaanishi kwamba mashine imekufa. Ikiwa kichakataji chake ni cha biti 64, Linux Mint yenye mandhari mepesi ya Xfce huweza kusakinishwa bila malipo, na kazi za kuandika, kuhariri na kuvinjari intaneti zikaendelea. Wasemao kwamba njia hii ni ngeni kwa Kiswahili wakumbuke kwamba mwaka wa 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisini iliyotafsiriwa kwa Kiswahili.

Wakati wa kukubali kwamba imekwisha

Kuna ukarabati usio na faida. Bodi mama ikiwa imeungua na kichakataji kikiwa cha biti 32, gharama ya vipuri huenda ikalingana na bei ya mashine nyingine iliyotumika ambayo ni bora zaidi. Hapo busara ni kutoa vilivyo vizima, yaani kumbukumbu, feni, nyaya na kisanduku cha umeme, vikafaa mashine zilizobaki. Masalia yasitupwe jaani wala kuchomwa, kwa kuwa yana madini ya sumu, hasa viwambo vizito vya kioo ambavyo vina risasi. Jijini Nairobi kipo Kituo cha WEEE kinachopokea taka za kielektroniki, na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka wa 2022 imeweka wajibu wa kuzitenganisha taka.

Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba kuikarabati tarakilishi kongwe ni kazi ya kusoma dalili kabla ya kuwa kazi ya bisibisi. Nakala hutangulia, utambuzi hufuata, ununuzi huja mwisho. Imeonyesha pia kwamba shughuli hii yote yaweza kuelezwa kwa Kiswahili, na kwamba istilahi hukomaa zinapotumiwa na mtu mwenye haja nazo. Tofauti ya kumbukumbu na diski ilikuwa kwetu tofauti ya maneno tu hadi siku ilipotugharimu.

Ninapendekeza kwamba kila chama chenye tarakilishi kiwe na daftari kando yake, ambamo kila dalili itaandikwa kwa Kiswahili pamoja na tarehe, aliyeiona na hatua iliyochukuliwa. Lau sauti ile ya tik-tik ingeandikwa siku ya kwanza iliposikika, tungekuwa na wiki kadhaa za kunakili. Daftari letu sasa lina kurasa nne. Ingizo la kwanza niliandika mimi: "Diski ya zamani imetolewa. Rekodi zimenakiliwa mahali patatu. Ya mzee imebaki dakika 11."